Macho Mekundu na Mtoto wa Ndani

Msimu wa macho mekundu ulipoingia kwetu Bodo, nusu ya watoto wa madrasa walirudishwa nyumbani. Mjukuu wangu naye akarudi, matongo yamemjaa, asubuhi macho hayafunguki mpaka tuyalainishe kwa maji ya uvuguvugu. Na haya yote, subhanallah, yalitukuta mama yake akiwa chumbani na kichanga ambaye hata kitovu hakijadondoka!

Binti yangu alikuja kujifungulia kwangu, kama ilivyo ada yetu. Huyu mwanawe wa kwanza, wa miaka saba, alikuwa akimsubiri mdogo wake tangu tumbo halijaonekana. Akampakata mara moja tu, halafu macho yakamkamata.

Nilipompeleka zahanati, nesi hakusema na mimi, alisema na yeye. Taulo lako peke yako, usisugue macho, nawa mikono, na kwa mtoto mchanga usiingie mpaka macho yawe meupe. Nikacheka moyoni. Mtoto wa miaka saba ajilinde mwenyewe?

Mimi nina pindo langu la leso, limefuta macho na makamasi ya watoto wa mtaa mzima. Kesho yake nikamvuta nimfute. Akaruka.

"Bibi, hiyo leso umempangusia mtoto!"

"Ala! Mke mwenzangu, leo wewe ndiye wa kunifundisha kulea?" Nikafoka, maana mimi hasira zangu ziko karibu. Lakini alikuwa amesema kweli. Nikachana shuka kuukuu, nikampa vitambaa vyake, akavitundika kwenye kamba yake nyuma ya jiko na kuwakataza wote wasiviguse. Kila jioni alinikumbusha kuvichemsha.

Mchana alikaa mkekani nje ya pazia la chumba, akiongea na mama yake.

"Amelala?"

"Amelala, mwanangu."

"Amenisahau?"

Jamani, mtoto yule alikuwa akinikata maini. Nikawa najitia kazi jikoni nisimsikie.

Ndipo akaja wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, kutoka Shimoni, kumtazama mzazi. Akanyoosha mkono ubusiwe kama kawaida. Mtoto akarudi nyuma.

"Shikamoo, bibi. Mkono sikupi, nitakuambukiza."

"Marahaba. Makubwa haya!" Wifi akamwinua kidevu, akamtazama. "Nanyi mnahangaika na dawa za zahanati, na dawa imo humu ndani? Maziwa ya mzazi, tone moja kila jicho, yamekwisha. Twende mama akukamulie."

Akamshika bega, akalifunua pazia.

Mimi ninayejulikana kwa mdomo, mbele ya wifi huwa bubu. Tangu mama mkwe afariki, neno la nyumba ile ni lake, na akisema mnakaa chini mnakaa. Nikasimama na mwiko mkononi. Nilimwona mjukuu wangu akichungulia, kijiguu cha mdogo wake kimetoka nje ya nguo, kinapigapiga. Ruhusa ameipata, tena kwa mkubwa wetu sote. Nani angemlaumu?

Akakaa chini pale pale kizingitini, akamwambia wifi:

"Bibi, niwie radhi. Ninataka sana kuingia. Lakini mdogo wangu hajui kujizuia asisugue macho. Mimi ninajua."

Kisha akalia. Mkono ukapanda kwenda machoni, ukafika nusu, akaushusha. Akayaacha machozi na matongo yateremke mpaka shingoni, mikono ameikalia.

"Kitambaa changu, bibi! Kitambaa changu!"

Nikautupa mwiko. "Wifi," nikasema, na sauti yangu mwenyewe ikanishtua, "mtoto haingii. Nesi amekataza, na mimi ninakataza."

Wifi akaguna, lakini bega akaliachia. Nikakimbilia kambani, nikaja kumfuta taratibu, huku na mimi ninalia kama mjinga. Nilimpenda mtoto yule siku ile mpaka kifua kikaniuma.

Kitandani, binti yangu akajiinua, akamnyanyua kichanga na kumgeuzia uso mlangoni.

"Huyu hapa, mwanangu. Mtazame."

Akamtazama kitambo, macho yamevimba.

"Sijakutupa," akamwambia. "Ninaumwa tu."