Kipande cha Tumbo Kilichobaki

Nilirudi Tarime nikiwa na matundu matano tumboni, kila moja limefunikwa kwa plasta, na karatasi ya masharti ambayo mke wangu aliibandika ukutani jikoni kabla hata sijavua viatu. Huko Dar es Salaam walikuwa wamekata sehemu kubwa ya tumbo langu na kuiondoa. Kilichobaki, daktari alinionyesha kwa vidole, kilikuwa chembamba kama ndizi. Wiki mbili za majimaji tu. Baada ya hapo, vitu vya kuponda. Usinywe maji wakati wa kula. Ukishiba acha, hata kama ni kijiko cha tatu.

Mimi ni bwana mifugo. Kituo changu kiko Mbalibali, Serengeti, ila mke wangu anafanya kazi Bomani, Tarime mjini, na hapo ndipo nyumbani kwetu. Nilikuwa mnene tangu nikiwa chuoni, na unene ule ulikuja na sukari, presha na magoti mabovu. Nilivumilia yote hayo. Kilichonipeleka kwenye kisu ni fahali mmoja aliyevunja kibanio, ule uchochoro wa mbao wa kumshikia ng'ombe, siku ya chanjo. Wenzangu wote waliruka uzio. Mimi nilibaki nimesimama, mwili umekataa, akanibana kwenye nguzo na kunivunja mbavu mbili. Nikiwa nimelala chini pale nilijua kwamba nisipofanya kitu, kazi hii itaniua.

Nilijiandaa kwa maumivu, na maumivu hayakuwa makubwa. Nilijiandaa kwa njaa, na wiki za mwanzo njaa haikuja kabisa. Hakuna aliyenieleza kwamba nitashindwa kukaa.

Mke wangu alikuwa akiniwekea uji mwepesi kwenye kikombe cha kahawa. Nilikunywa kwa mafunda madogo, nikamaliza nusu, basi. Yeye na binti yetu ndiyo kwanza walikuwa wanakata ugali. Nilikaa pale nimenawa mikono, nawatazama, vidole vyangu vinagonga meza. Nikasimama. Nikaenda mlangoni. Nikarudi nikafunika sufuria ambayo ilikuwa imefunikwa tayari.

"Baba watoto, kaa basi," mke wangu alisema. "Umekuwa kama mtu anayesubiri gari."

Sikuweza. Zamani kula ndiko kulikokuwa kupumzika kwangu. Nikitoka kazini nimechoka, nakula. Nikigombana na mkubwa wangu, nakula. Mvua ikininyeshea njiani, nafika nakula, na kile chakula kinanishika chini kama jiwe. Sasa jiwe halikuwepo. Nilianza kuzunguka Bomani asubuhi na jioni, kutoka kwetu hadi stendi, stendi hadi sokoni, na kurudi, bila kununua kitu. Daktari alikuwa ameniambia nitembee, kwa hiyo nilikuwa na kisingizio.

Kadiri kilo zilivyopungua ndivyo watu walivyoanza kunitazama. Mwezi wa tatu tangu upasuaji, suruali zangu zote zilishikwa na mkanda niliouongezea matundu kwa msumari. Nywele zilinyonyoka. Baridi ya Tarime, ambayo sikuwahi kuijali, iliniingia hadi mifupani, nikawa navaa koti mchana. Muuza mitumba niliyezoeana naye alinishika mkono akauliza kwa sauti ya chini, "Kaka, dawa umeshaanza?" Nikamwambia nimefanyiwa upasuaji. Akaitikia kwa kichwa, lakini macho yake hayakunikubalia. Wiki hiyohiyo mke wangu alirudi kutoka kanisani uso umemvimba kwa hasira. Mama mmoja wa kwaya alikuwa amemvuta pembeni na kumshauri akapime.

"Wewe ukamwambiaje?" nikamuuliza.

"Nimemwambia mume wangu ana afya kuliko wa kwake." Kisha akakaa, akaanza kulia. Nikasimama nyuma yake nikimpapasa bega, na hata pale miguu yangu ilikuwa inataka kuondoka.

Mama yangu yuko Nyamwaga. Tulikuwa tumemwambia nimefanyiwa upasuaji wa tumbo, tukaishia hapo. Nilipoenda kumsalimia alikuwa amechinja mbuzi. Aliniangalia kutoka juu hadi chini, akaingia jikoni, akatoka na ugali wa kumtosha yule mtu niliyekuwa, na sinia la nyama ya kuchoma.

"Kula, mura, mwanangu," alisema. "Kula nikuone."

Nilikula. Najua sikupaswa. Nilichukua kipande, nikatafuna, lakini alikuwa amekaa mbele yangu akihesabu kila tonge kwa macho, nami nikameza haraka ili afurahi. Kipande cha pili kiligoma. Kilikaa hapa, chini ya kifua, kama ngumi. Mate yakajaa mdomoni mazito, jasho likanitoka. Nikainuka, nikakimbilia migombani nyuma ya jiko, nikainama nikatapika povu hadi machozi yakatoka.

Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kata ya maji.

"Sasa niambie ukweli," alisema. "Una nini?"

Nikamwambia yote palepale: kwamba sikuwa mgonjwa, kwamba nilikwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, nikalala kitandani wakanikata tumbo ili nisiweze kula. Nilidhani atanigombeza kwa kukataa chakula ambacho alikuwa amekilima maisha yake yote. Badala yake aliuliza, "Na hicho kipande walichokitoa, wamekiweka wapi?"

Sikujua. Sikuwa nimeuliza.

"Hukuuliza?" Alinitazama kama mtu aliyesikia kwamba nimesahau mtoto sokoni. "Nyama niliyoizaa mimi, wewe hukuuliza?"

Nilipiga simu hospitali palepale, nimesimama kwenye migomba. Muuguzi mmoja alinisikiliza kwa upole, akasema vitu hivyo huchunguzwa, halafu huchomwa. Nilimweleza mama. Akakaa juu ya kinu kilicholala, akavuta khanga mabegani.

"Basi wamekichoma," alisema. "Afadhali. Nilidhani wamewapa mbwa."

Nikacheka, mbavu zikaniuma, na yeye akacheka huku anafuta macho. Kisha akaniuliza tumbo lililobaki linabeba kiasi gani. Nikamwonyesha kikombe. Tangu siku ile, nikienda, ananipikia maharage laini na kunipakulia kwenye kisosi, na anawafukuza wajukuu wasinitazame nikila. Ugali hanipi tena. Nafikiri kumnyima mwanawe ugali kulimgharimu kuliko alivyowahi kusema.

Mwezi wa tano nilirudi kazini. Pikipiki, ambayo zamani ililalamika chini yangu, sasa ilinirusha kwenye kila shimo. Boma la kwanza lilikuwa la mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi na maneno machache.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Mimi bwana mifugo. Nimekuja kwa chanjo ya chambavu."

"Bwana mifugo wetu ni mnene."

Nikatoa kitambulisho. Alikitazama, akanitazama, akakirudisha. "Huyu siye wewe. Huyu namfahamu." Akasimama katikati ya lango la zizi na fimbo yake. Nilijaribu kucheka, yeye hakucheka. Nilihisi hasira, na ndani ya hasira kitu kingine, kama vile huyu mzee alikuwa amesema jambo ambalo nilikuwa nikilikimbia barabarani kwa miezi yote ile.

Nikatazama ng'ombe. "Yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda," nikasema. "Ndama wake alikuja matako kwanza. Mvua ilikuwa inanyesha. Ulishika mkia, mimi nikaingiza mkono hadi begani, na ulinikataza kumvuta hadi umalize kuomba."

Mzee aliteremsha fimbo. Akanisogelea, akanishika mashavu kwa mikono yote miwili, akayabana kama anayekagua mnyama wa mnada.

"Daktari," alisema, "wamekumaliza."

Akafungua lango. Nilichanja zizi zima, na fahali mmoja alipogeuka vibaya, niliruka uzio. Nilikaa juu ya uzio nikihema, nikashangaa mwenyewe. Baadaye mkewe alileta maziwa kwenye kibuyu. Nilikunywa mafunda matatu, nikaomba radhi, nikaeleza. Mzee akasema nikae nipumzike. Nilikaa kidogo. Miguu ikaanza tena, nikainuka, nikavaa kofia ngumu, nikamuuliza boma linalofuata liko upande gani.