Kura Tatu Dhidi ya Bahari

Tryphosa Nyawira aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa kilicho nje kidogo ya Wamagana siku ya Jumatatu, tarehe 6 Oktoba 2003. Kitabu cha wafanyakazi kinaonyesha hivyo, kwa mwandiko wa meneja ambaye alistaafu zamani. Kazi yake haijabadilika tangu siku hiyo. Mkulima anatua gunia, mshale unayumba kisha unatulia, Nyawira anausoma na kuandika. Wakulima wa hapo Tetu ni watu wa kubishana, lakini na mshale hawabishani. Kilo zikipungua watalaumu mvua, watalaumu mbolea, watamlaumu jirani anayevuna usiku, halafu watachukua risiti na kwenda zao.

Nyumbani kwao, kwa marehemu baba yao Gatimu, mambo huendeshwa kwa njia nyingine. Huko kila kitu hupigiwa kura.

Kifungua mimba wa familia hiyo ni Barnabas Muchiri. Alikuwa naibu wa chifu kwa miaka ishirini na sita, na alipostaafu hakuwa na mtu wa kumwitia baraza isipokuwa ndugu zake. Chini yake harusi ina kamati, matanga yana kamati, na choo cha mama yao kilipochimbwa mwaka wa 2019 kilikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mwenyekiti huwa Muchiri. Mweka hazina huwa Sophie Wangui, dada yao anayeuza nyanya kwa jumla soko la Kagio. Mwanachama wa kawaida huwa Kinuthia, kitinda mimba, mwenye duka la mabati Sagana, ambaye husema neno moja kwa kila mkutano. Katibu huwa Nyawira, kwa sababu ana mwandiko mzuri.

Safari ya bahari ilianza na macho ya mama yao, Nduta, mwenye umri wa miaka sabini na saba. Watoto wake wote humwita Maitu. Mwezi wa Mei Nyawira alimpeleka kwa daktari wa macho mjini Nyeri, na daktari hakuzunguka. Presha ya macho ilikuwa imeshaua jicho la kushoto. La kulia lilikuwa linafungwa kutoka pembeni kuja katikati, na dawa ingelichelewesha tu. Kufikia Krismasi, alisema, huenda likabaki na uwezo wa kutofautisha mchana na giza, basi.

Ndani ya gari la kurudi Maitu hakulia. Walipopita Kamakwa akasema, "Wamama wa kwaya walienda Mombasa mwaka wa tisini na nne. Mimi nikabaki nikiuguza baba yenu."

"Najua, Maitu."

"Walirudi wakisema ati hiyo maji haina ng'ambo. Ati unaangalia na haiishi. Miaka thelathini wananiringia nayo hapo kanisani. Mimi nataka kuona kama walinidanganya."

Nyawira aliliandika ombi hilo kwenye simu yake papo hapo, kama angeandika kilo. Kosa lake la kwanza lilikuwa kulipeleka kwa ndugu zake.

Mwishoni mwa Juni kamati ilikuwa imekutana mara nne. Ombi la mtu mmoja la kuona maji lilikuwa limegeuka Siku ya Familia ya Gatimu, katika bustani ya ufuoni ya Mwarobaini, kaskazini mwa Mombasa, mahali ambapo nusu ya Kenya hupigia picha kila Desemba. Watu kumi na wanane. Basi la kukodi lingeondoka Ijumaa jioni, lifike Jumamosi asubuhi, na kugeuza saa nane mchana, kwa maana Jumapili Muchiri, mzee wa kanisa, alikuwa na sherehe ya mavuno. Fulana za buluu zilikuwa zimechapishwa, na kifuani zimeandikwa FAMILIA YA GATIMU, SIKU YA BAHARI, 9 AGOSTI 2025. Ratiba ilikuwa imepitishwa. Saa tatu, maombi. Saa tatu na nusu, kutambulishana, ingawa wote walizaliwa boma moja au kuolewa humo. Saa nne kamili, Maitu kuonyeshwa bahari. Saa nne na robo, hotuba ya mwenyekiti. Kisha keki.

Nyawira alikuwa ameibandika ratiba hiyo ukutani, karibu na mizani. Ndiyo aliyoisoma Maxwel, polisi wa kituo cha Wamagana, alipopita kiwandani katikati ya Julai kuuliza habari za nyaya zilizoibwa. Maxwel ni mtu wa Busia, lakini alikuwa amefanya kazi Likoni, huko Mombasa, miaka mitano kabla ya kuletwa kwenye baridi ya Tetu, ambayo huilalamikia kila siku.

"Madam, hii tarehe tisa ni mwezi mpevu?" aliuliza.

"Kwani polisi wanapanda mahindi siku hizi?"

"Nauliza kwa sababu hii saa nne yenu, maji itakuwa imeenda."

Nyawira aliweka kalamu chini. "Imeenda wapi?"

"Imerudi ndani. Mwezi ukiwa mkubwa, asubuhi inarudi mpaka kwa mwamba. Nusu kilomita, hata zaidi. Mtapata majani na matope."

"Maxwel, bahari si bwawa. Nani anaifungulia?"

Polisi huyo alicheka mpaka akashika mlango. Lakini Nyawira si mtu wa kucheka na jambo ambalo hajalipima. Alitazama kalenda ya duka la mbegu, ile yenye picha za mwezi. Tarehe 9 Agosti ilikuwa na duara kamili. Akaomba namba ya mtu yeyote wa huko, na Maxwel akampa ya mwokoaji mmoja wa Mwarobaini, ambaye kazi yake ni kuwatoa majini watu waliozidiwa.

"Mama, Jumamosi hiyo ni bamvua," sauti ya Kipwani ilimjibu taratibu. "Maji hujaa mno na hupwa mno. Saa nne asubuhi huyaoni. Utaona mwamba na mwani, na watoto wanaokota kaa. Mje saa kumi jioni, yatakuwa yanapiga ukuta wa ufuoni."

"Saa kumi tutakuwa tumefika Voi tukirudi. Na mtu mzee anaweza kuyafuata huko yaliko?"

"Mzee wa miaka mingapi?"

"Sabini na saba, na haoni vizuri."

"Usithubutu. Kuna mashimo, kuna viumbe vya miiba. Mlete Ijumaa ya wiki ya pili, tarehe kumi na tano. Saa mbili na nusu asubuhi yamejaa. Si kama bamvua, lakini yamejaa."

Nyawira alipiga tena siku mbili baadaye, akauliza maswali yale yale, akapata majibu yale yale. Kisha akaomba mkutano.

Kamati ilikutana Jumapili tarehe 27 Julai, sebuleni kwa Muchiri, baada ya ibada. Nyawira alisimama na karatasi yake. Alieleza kupwa na kujaa kama alivyoelezwa. Aliomba safari isogezwe wiki moja mbele. Ikishindikana, basi lingoje mpaka saa kumi jioni. Hilo nalo likishindikana, Maitu asafirishwe mapema akae siku kadhaa.

"Ati bahari inatoka?" Wangui aliuliza. "Inaenda wapi, Kagio?"

Kinuthia akaangua kicheko, na hilo likawa neno lake la mkutano huo.

"Inarudi nyuma, Sophie. Halafu inakuja tena jioni."

"Mimi nimeona hiyo bahari kwa televisheni maisha yangu yote. Hakuna siku walionyesha imeenda."

"Televisheni wanapiga picha wakati maji iko!"

"Sasa hata kama imerudi kidogo, si tutaifuata? Watu wameshika hii tarehe. Mimi nimeambia wateja nafunga."

"Maitu ataifuata na miguu gani? Na macho gani?"

Muchiri aliinua mkono, kama alivyokuwa akiinua mbele ya watu wa lokesheni nzima. "Katibu. Hii habari umeipata kwa nani?"

"Kwa mwokoaji wa pale pale."

"Ana barua?"

"Barua ya nini, Muchiri? Ya kuonyesha maji yanakupwa?"

"Nauliza kwa sababu mimi siwezi kugeuza uamuzi wa mkutano wa nne kwa maneno ya mtu wa simu. Fulana zimeandikwa tarehe tisa. Basi ni la tarehe tisa. Jumapili nina mavuno. Wewe unataka tuambie watu nini? Kwamba bahari imekataa ratiba?"

"Ndiyo. Waambie hivyo."

"Nyawira, usituletee siasa. Tupige kura."

Wakapiga. Kura tatu zilikataa mabadiliko, moja iliyakubali. Kisha, kwa kuwa yeye ndiye katibu, Nyawira alikaa chini akaandika kwa mwandiko wake mzuri kwamba pendekezo la kubadilisha saa ya kuona bahari lilijadiliwa kwa kina na kukataliwa. Kalamu ilitoboa karatasi mara mbili. Muchiri alimwomba aandike upya ukurasa huo, usomeke.

Alirudi kwa Maitu kwa miguu, nusu saa ya kupanda, na njia nzima alibishana nao kwa sauti. Mwanamke mmoja aliyekuwa akikata nyasi kando ya barabara alimsalimu na hakujibiwa. Kilichomchoma si kushindwa. Alikuwa ameshindwa kura nyingi katika familia ile, pamoja na ya choo. Kilichomchoma ni kuwaza saa nne ya Jumamosi hiyo: mama yake amesimamishwa mbele ya uwanja wa matope, watu kumi na saba wakimpigia makofi, naye akitafuta kwa jicho moja lenye tundu dogo kile alichosifiwa miaka thelathini. Angesema ameona. Angewashukuru. Na kufikia Krismasi asingekuwa na jicho la kurudia.

Maitu alikuwa jikoni akichagua maharagwe kwa vidole. Nyawira alimweleza yote, bila kupunguza wala kuongeza.

"Walisema Kagio?" Maitu aliuliza.

"Sophie alisema."

"Huyo mdomo alirithi kwa shangazi yake." Aliendelea kuchagua. "Na hiyo Ijumaa yako, maji itakuwa hapo?"

"Saa mbili na nusu. Nimeuliza mara mbili."

"Una uhakika kama wa mizani?"

Nyawira alifikiri kabla ya kujibu. "Karibu."

"Basi sitaenda na basi."

"Maitu, wewe ndiye mgeni wa heshima. Muchiri atasema ni mimi nimekupotosha."

"Atasema. Wewe una masikio ya kufanya nini?"

Muchiri alisema, na alisema mengi. Alikuja Jumanne jioni na fulana ya mama yake imekunjwa ndani ya karatasi, akabaki amesimama mlangoni.

"Maitu, kamati imepitisha."

"Nimesikia. Muchiri, wewe umewahi kuiona?"

"Kuona nini?"

"Bahari."

"Bado. Lakini hiyo haina maana..."

"Hata mimi bado. Hata Sophie. Hata Kinuthia. Mmekaa hapo watu hawajaiona, mkaipigia kura." Alimgeuzia uso wote, maana akitazama pembeni hamwoni. "Nendeni na watoto, mfurahi. Mimi nitaenda na Nyawira wakati maji iko."

"Watu watasema familia imegawanyika."

"Waambie mama yenu ni mjeuri. Wanajua."

Muchiri aliiacha fulana juu ya kiti na kuondoka bila kunywa chai, jambo ambalo hajawahi kulifanya katika nyumba ile. Kabla ya saa mbili usiku Nyawira alikuwa ametolewa katika kundi la WhatsApp la familia. Wangui alimpigia simu na kumwita mwizi wa wazazi, kisha akakata kabla hajajibiwa. Kinuthia alimtumia ujumbe wa neno moja: "Pole." Nyawira hakujua ni pole ya kumwonea huruma au ya kumkejeli, na hakuuliza. Asubuhi alimwambia meneja wa kiwanda kwamba angekosa siku nne, na alipoulizwa sababu alisema ni mambo ya macho.

Tangu siku hiyo hajatulia. Kila siku hupiga simu Mwarobaini, na mwokoaji sasa humjibu kabla hajauliza. Hukasirika akiwa mizanini, hukasirika akikamua ng'ombe, na humkasirikia hata Maitu, ambaye ameanza kuwaambia wamama wa kwaya kwamba anakwenda kukagua ushahidi wao.

Basi la familia litaondoka Wamagana Ijumaa jioni, tarehe 8 Agosti, bila wao wawili. Alhamisi tarehe 14 Nyawira na mama yake watapanda gari la saa kumi na moja alfajiri kwenda Nairobi, kisha la Mombasa, walale kwenye chumba cha kukodi karibu na lango la bustani. Ijumaa tarehe 15, saa mbili na nusu asubuhi, atamshika Maitu mkono na kumpeleka hadi kwenye ukuta wa ufuoni.