Mzee Aliyegeuka Kabla Filamu Haijaisha

Kompyuta iliyofanya mambo haya bado iko mezani kwangu hapa Arua, naitumia kila siku. Ukitaka kucheka, cheka sasa, ukimaliza unisikilize. Mimi si mtu wa kuona majini kila kona. Kazi yangu ni kutengeneza filamu za 3D, zile ambazo mtu huundwa ndani ya kompyuta akawa na kisogo na mgongo, ukaweza kumzunguka. Nimeshatengeneza kuku anayecheza dansi kwa ajili ya duka la chakula cha mifugo. Kazi hii naijua, na najua kompyuta inaweza nini na haiwezi nini.

Zubeda, mwanamke anayeuza vitenge sokoni Koboko, alinijia na ombi ambalo sikuwahi kulipata. Baba yake alikuwa mwanajeshi. Miaka ile serikali ya jeshi ilipoangushwa na watu wa huku wakakimbilia Kongo, naye alikimbia, akafia huko. Nyumba iliungua na picha zote. Zubeda alitaka watoto wake wamwone babu yao akitembea, basi: atoke mlangoni, apite uani, afike barabarani. Na alitaka haraka, kwa sababu mama yake, mzee ambaye mtaa mzima humwita Habuba, yaani bibi, alikuwa anapoteza macho.

Nikaenda Koboko na laptop, nikakaa na Habuba. Nilichonga kichwa kwenye skrini naye akinielekeza, pua punguza, masikio yasogeze, mpaka alipoweka kiganja chake juu ya kioo. Uso tulikuwa tumeupata.

Mwendo ndio ulinishinda. Mtu wa kompyuta unamwekea mifupa ndani, halafu unaisogeza pozi kwa pozi, kila pozi mahali pake. Habuba alisema mumewe alichechemea kwa sababu ya risasi ya zamani, lakini kuchechemea kwenyewe alishindwa kunieleza. Niliporudi Arua nilijaribu na kujaribu. Mzee wangu alitembea kama mlevi.

Jioni moja mvua ikapiga, na mzee mmoja mwenye koti refu akaingia chumbani kwangu. Nilidhani anajikinga na mvua, nikampa kiti. Hakukaa. Alisimama nyuma yangu akitazama skrini, kisha akauliza huyu mutu mguu yake iko namna gani. Nikamwambia ni mzee wa Koboko, aliumia.

"Hapana," akasema. "Hii mguu haiumi tena. Iko nachelewa tu."

Akaanza kutembea kutoka mezani kwangu mpaka mlangoni. Niamini, nilisahau hata kumwuliza jina. Kazi ikikubali, unajua ilivyo, mtu husahau adabu zote. Nilimwomba ruhusa, nikaegemeza simu kwenye rafu irekodi, nikawa namtazama na kusogeza mifupa, namtazama na kusogeza. Alirudia bila kuchoka. Na kila alipofika mlangoni alisimama, akageuza bega kwanza, ndipo kichwa, akatazama. Hakunitazama mimi. Alitazama kama mtu anayetazama nyumba.

Nilimweleza kuwa hapo si lazima, filamu inaishia barabarani.

"Weka," akasema. "Hiyo ndiyo ilibaki."

Akatoka kwenye mvua. Nilipofungua video kwenye simu nikaona chumba changu, pazia, na mimi mwenyewe nimeinama mezani, nikigeuka kila mara kutazama mahali pasipo na mtu. Lakini nyayo zilisikika. Mmoja kwa wakati wake, wa pili ukichelewa.

Nilikwenda nikakaa na jirani anayekaanga chapati mpaka alipofunga biashara.

Sasa, wengine wangefuta kila kitu. Mimi sikufuta. Ule mwendo ulikuwa mzuri kuliko wowote niliowahi kutengeneza, na kazi nzuri siitupi. Nilifuta kule kugeuka tu, kwa sababu Zubeda hakuwa ameomba hivyo, na kusema kweli sikutaka macho yale kwenye filamu yangu. Kisha nikaiacha kompyuta irenda, maana yake ichore picha moja moja mpaka ziungane ziwe filamu, nikaenda kulala.

Asubuhi nikatazama. Mzee anatoka mlangoni, anapita uani, anafika barabarani. Anageuka. Halafu anafungua mdomo.

Nisikilize vizuri hapa. Uso ule sikuuwekea mfupa hata mmoja. Mdomo niliuchonga ukiwa umefungwa, ndani hamna meno wala ulimi. Nikafungua faili nililofanyia kazi: hakuna pozi la kugeuka. Nikarenda upya sehemu ya mwisho mchana kweupe, nimeketi pale pale, picha zikitokea moja baada ya nyingine. Bega likatangulia, kichwa kikafuata, mdomo ukafunguka. Wewe ungefanya nini?

Mimi nilibeba laptop, nikaenda Koboko.

Habuba alisogea mpaka uso wake ukakaribia kugusa skrini. Mwendo ulipoanza alicheka, akawa anapiga goti lake kwa kufuata ule mguu unaochelewa. Mzee alipogeuka, Zubeda alinitazama kwa kuwa hatukukubaliana hivyo. Habuba akasema nirudishe. Nikarudisha. Akataka tena.

"Siku ile mimi nasimama kwa mlango, huyu Zubeda iko mgongoni," akasema mwishowe. "Yeye anaenda mpaka barabara, hapana geuka. Miaka yote mimi nasema, huyu mutu alituacha kama mutu anaacha kambi."

Filamu haikuwa na sauti, basi Zubeda akamwuliza taratibu, ule mdomo unasema nini pale.

"Anaita mimi Kiden. Jina ya usichana. Nani hapa anajua hiyo?"

Hakuna aliyejua. Hata Zubeda alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza. Ndipo nikawasimulia habari za mgeni wangu, na video nikawaonyesha. Habuba alisikiliza zile nyayo, kisha akauliza jambo moja tu: alikuwa amevaa viatu? Nikamwambia ndiyo, viatu vyeusi, vizuri. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mumewe alikuwa amekimbia miguu mitupu. Akaomba maji ya kutawadha, akaenda kuswali.

Siku hizi Habuba haoni kabisa. Zubeda ananiambia wajukuu humfungulia filamu ile kwenye simu, na yeye huwauliza, amegeuka? Wakimwambia amegeuka, anaitika kwa sauti, kama mtu aliyeitwa kutoka uani. Na mimi, nikibaki peke yangu nikimpa mtu mwendo kwenye kompyuta, mara nyingine nasikia nyayo nyuma yangu, wa pili ukichelewa. Sigeuki. Naendelea na kazi.

Watu wengine wamekuja na wafu wao, na kazi nazichukua. Nawe ukijua kuzitumia programu hizi, mtengeneze wako, sikukatazi. Lakini nakuonya: usimwamulie mwisho wake. Mwachie fremu chache tupu, yaani zile picha moja moja, baada ya pale unapotaka aishie. Na asubuhi ukikuta amezitumia, usizifute.