Programu Kuukuu na Barua ya Viatu

Mimi ni mtu wa haraka. Nimejikata vidole, nimeungua na mafuta, nimewajibu wakubwa kabla hawajamaliza kusema, yote kwa sababu ya haraka. Lakini ipo haraka moja ambayo nikiikumbuka nikiwa peke yangu jikoni, nasema kwa sauti, "Mjinga wewe!" Watoto wangu wameshazoea, hawaulizi tena ninamtukana nani.

Ilikuwa Mwanza, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Nilikuwa mpiga chapa katika duka la nyavu na vipuri vya injini za boti, mali ya mzee mmoja wa Kihindi ambaye hata babu yake alizikwa mjini pale. Siku zile milango ya nchi ilikuwa imefunguliwa na kila kitu kiliingia: nguo za mitumba, redio, magari yaliyokwisha kutumika, na kompyuta zilizokuwa zimechoka huko zilikotoka. Yetu ilikuwa mojawapo. Weupe wake ulishageuka njano kama meno ya mvuta sigara, na ukiiwasha ilinguruma hadi wateja wa kaunta wakageuka kutazama. Mzee aliiunganisha na waya wa simu ili aandikiane na watengeneza nyavu wa nje. Ndani yake mlikuwa na programu moja ya intaneti, ndiyo hiyo siku hizi inaitwa kivinjari. Sisi tuliiita "ile ya mtandao". Ilifungua kurasa na ilipokea barua pia, vyote humo humo. Kwa kuwa nilijua kuiwasha na kuizima, mtaa mzima uliniita mtaalamu, nami kichwa kikavimba.

Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, alikuja mama mmoja kutoka Busisi. Alivuka kwa kivuko hadi Kigongo, akatafuta gari la kuja mjini, akaingia dukani na michembe yake, vile viazi vitamu vya kukaushwa, ndani ya kitambaa. Mwanawe wa pekee alikuwa amepata ufadhili wa kusomea mitambo Ulaya, na kabla ya kuondoka alimwomba Mzee ruhusa ya kumwandikia mama yake kwa anwani ya duka. Mzee hakuwa na hiyana. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo kazi ya kumsomea ikawa yangu.

Sasa huyo kijana! Akili ya mitambo alikuwa nayo, lakini adabu ya barua, hapana. Aliandika mistari miwili, mitatu, basi, kama mtu anayepiga telegramu. Hakuna shikamoo, hakuna hujambo. Ilipoingia ya kwanza niliisoma kimoyomoyo nikaona aibu. Mama wa watu amevuka maji, amekaa kwenye kiti mbele yangu, mikono mapajani, halafu nimsomee kitu kama hicho? Nikakohoa, nikaanza: "Mpendwa mama, shikamoo. Natumaini u mzima wa afya njema. Ama mimi huku niliko ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu."

"Marahaba, baba," mama aliijibu kompyuta.

Jamani, angalia mtu anavyoharibika. Nilipoona uso wake ulivyofunguka, nikanogewa. Barua ya pili nikaongeza kwamba anakula vizuri. Ya tatu nikamfanya ataje samaki wa kwao na ugali wa muhogo. Sikuona kama ninadanganya, niliona ninamsaidia kijana maneno ambayo angeyasema mwenyewe kama asingekuwa na shughuli. Mama akazipa barua zile majina. Kulikuwa na ile ya viatu, ile ya basi linaloteleza, ile ya mwenye nyumba, na nyingine kadhaa. Kila alipokuja alitaka mpya kwanza, kisha mbili tatu za zamani.

Nilishawahi kumwambia nimchapie kwenye karatasi aende nazo. Alikataa. "Nyumba yangu inavuja," alisema, "na mchwa wamekula hadi kadi yangu ya kliniki. Acha zikae humo. Nitunzie, mwanangu."

"Mama, humu hazipotei," nilimjibu. Nilisema hivyo kwa kinywa changu, na Mzee alikuwepo, alinisikia.

Halafu barua zikakoma. Mwezi ukapita, ikawa miwili, ikafika mitano. Mama aliendelea kuja na michembe yake, akauliza, nikatikisa kichwa, akasema, "Haya, nisomee za zamani." Wakati huohuo ile programu nayo ilianza kunishinda. Kurasa za watengeneza nyavu zilikuja nusu, picha hazifunguki, na katikati limeandikwa tangazo la Kiingereza kwamba programu yetu imepitwa na wakati, tutafute mpya. Nikampigia fundi mmoja wa kompyuta aliyekuwa akikaa Nyegezi. Akasema, "Dada, hiyo kuukuu, itolewe. Huenda hata barua nyingine zinakwama."

Neno hilo, zinakwama, lilinikaa kichwani. Basi kumbe kijana anaandika! Kumbe barua zimejipanga mahali, zinagonga mlango, na programu yetu mbovu haifungui. Jumamosi nikamwambia mama, tena kwa bashasha, kama vile nimeshaziona. Alishika mkono wangu akasema, "Sasa si muitoe? Mnangoja nini?"

Fundi aliahidi kuja Alhamisi na disketi za programu mpya. Akaniambia kwenye simu, "Usiguse chochote mpaka nifike." Mimi tena! Niambiwe nisiguse, na mtaa mzima unaniita mtaalamu? Nilijua kompyuta imejaa, mpya haiwezi kuingia bila ya zamani kutoka, kwa hiyo nikaona nimrahisishie kazi. Jumatano baada ya chakula cha mchana, Mzee akiwa ameenda kuswali, nikakaa, nikatafuta mahali pa kuiondolea, nikabonyeza.

Barua sikuzifikiria kabisa. Kwa akili yangu zilikuwa huko kwenye mtandao, kama zinavyokuwa posta. Ukibadilisha kufuli la sanduku lako, barua si zimo tu? Kompyuta iliniuliza mara tatu. Una hakika unataka kuiondoa? Ndiyo. Na mafaili yake? Ndiyo. Yote? Ndiyo, bwana, ndiyo, usinichoshe.

Kimstari cha buluu kikaanza kutembea polepole kwenye kioo. Chini yake majina ya mafaili yalipita moja moja, majina ya ajabu yasiyo na maana kwangu. Kisha likapita moja ninalolijua. Busisi. Ndilo jina la folda niliyoitengeneza mimi mwenyewe kuwekea barua za yule kijana. Nilibonyeza kila kitufe. Nikaiambia, "Simama! Simama!" kama mtu anayemfukuza ng'ombe shambani. Kimstari kikaendelea na safari yake. Nikainama chini ya meza nikachomoa waya ukutani, na ngurumo ile ikanyamaza. Nilipoiwasha tena haikuwemo programu wala folda wala barua hata moja.

Fundi alikuja Alhamisi. Hata hakuvua koti, aliuliza, "Barua umezihifadhi wapi kabla ya kutoa?"

"Si ziko kwenye mtandao?"

Ndipo akavua koti. "Zikishashuka kwako, dada, huko hazipo tena." Alihangaika nazo hadi duka likafungwa, akajaribu disketi hii na ile, mimi nimesimama nyuma ya kiti chake nikisali. Mwisho akaweka programu mpya, akakusanya vitu vyake na kuniambia pole. Mzee alisema neno moja tu: "Uliambiwa usiguse." Bora angenitukana.

Jumamosi nikatamani kivuko kiharibike. Mungu anisamehe, nilitamani hivyo kweli. Lakini saa nne mama akaingia, kajifunga khanga mpya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Zimefunguka?"

Nikafungua programu mpya mbele yake. Ilifunguka upesi, safi, haijakwama popote. Sanduku lilikuwa tupu. Niseme hapa hapa kwamba muda wote niliofanya kazi pale, kutoka kwa yule kijana halikuingia neno jingine.

"Hakuna, mama."

"Haya. Nisomee ile ya viatu."

Nikafanya nilichofanya. Hajui kusoma, nilijiambia, na kioo kinawaka, atajuaje? Nikaukazia macho ule ukurasa mtupu, nikaanza. "Mpendwa mama, shikamoo." Nikangoja marahaba. Haikuja. Nilipogeuka, mama alikuwa ananitazama mimi, si kompyuta.

"Leo macho yako hayatembei," alisema.

Nikaangua kilio pale pale, mbele ya wateja. Nikamweleza yote, haraka yangu, yale maswali matatu, ile folda niliyoiona ikipita na nisiweze kuishika. Nilingoja anilaani. Alikunja kile kitambaa cha michembe, akakikunjua, akakikunja tena.

"Si unajua kuandika?" aliuliza. "Andika. Mimi ninazikumbuka."

Akafumba macho, akasema barua ya viatu kuanzia mwanzo, bila kukwama, na mimi nikapiga chapa. Mpendwa mama, shikamoo. Natumaini u mzima wa afya njema. Hofu na mashaka. Samaki wa nyumbani. Neno kwa neno, hadi pale nilipokuwa nikipumua. Ikajaa nusu ukurasa. Nilikuwa ninajisikia mwenyewe katika kinywa chake.

"Umemaliza?" akauliza. "Sasa toa zako."

"Zangu, mama?"

"Mwanangu mimi namjua. Tangu mdogo, salamu hadi apigwe kofi. Hofu na mashaka nani amfundishe huko Ulaya?" Akacheka kidogo, bila furaha. "Ile marahaba nilikuwa nakuitikia wewe. Umeniamkia vizuri, mwanangu, asante. Ila leo nataka zake."

Nikaanza kufuta. Nilifuta shikamoo, nikafuta afya njema, nikafuta samaki na ugali. Nilipofika mwisho, katika nusu ukurasa ule ilibaki: Mama nasoma. Huku baridi. Nimepata viatu.

Tukajaribu ile ya basi linaloteleza. Ukatoka mstari mmoja. Tukajaribu ya mwenye nyumba, na hapo nilikaa nimeshika kichwa, kwa sababu sikuweza kukumbuka kama kijana alimtaja mwenye nyumba hata siku moja, au nilimtunga mimi mchana mmoja nikiwa na furaha zangu. Nilimwambia ukweli huo. Mama akasema, "Basi mfute." Nyingine hatukujaribu tena.

Nilimchapia karatasi moja, mistari minne. Akaishika kwa mikono miwili, akaipeleka karibu na macho, akaigeuza, nikamwekea sawa.

"Viatu ni hapa?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akaweka hapo kidole chake na yeye, akakaa hivyo.

"Alisema ni vya rangi gani?"

Nilikuwa nalo jibu tayari ulimini. Vyeusi, mama, vya ngozi, vinapanda hadi juu ya kifundo, na vina manyoya ndani.

"Hakusema, mama," nikamjibu.