Pale Wafaransa Walipokwama

Ikama yangu, kibali cha ukaazi, imeandikwa dereva, lakini kabla ya Jeddah nilifundisha historia sekondari, na mdomo wa mwalimu haustaafu. Basi binti wa bosi, mwanafunzi wa chuo, aliponiambia garini kwamba kesho anasimama mbele ya darasa kueleza Wafaransa waliingiaje Vietnam, na kwamba muhula uliopita alikwama akachekwa, nikajitia kimbelembele.

"Hiyo rahisi. Padri kwanza, mfanyabiashara wa pili, bendera ya tatu."

Ndivyo nilivyowakaririsha watoto wa watu kule Kenya miaka tisa, nikigonga meza.

Tulipofika nyumbani, mtaa wa Aziziya, nikamrudia binti somo jikoni, mbele ya dada Mvietnamu anayetupikia. Akaweka kisu chini.

"Mafi!" akasema. Hakuna kitu kama hicho.

Kwa Kiarabu chetu cha kuokoteza, akaanza kupanga vikombe mezani. Cha kwanza, mapadri: walikaa Vietnam zaidi ya karne mbili kabla ya bendera yoyote. Cha pili, mtu wa ukoo wa kitawala aliyepokonywa nchi, akamwomba askofu Mfaransa amtafutie msaada. Alipata silaha na watu wachache, akashinda, na Wafaransa hawakuisahau fadhila hiyo. Cha tatu, wafalme waliofuata: waliua mapadri, na Wafaransa wakapata kisingizio cha kuleta manowari.

Kisha akabwaga sufuria katikati ya meza. Hiyo ilikuwa ghuba ambako manowari zilitia nanga. "Hapa walikwama," akasema. Miezi na miezi wazee wake waliwazuia, homa nayo ikiwapukutisha, mpaka wakageukia kusini, Saigon, kwenye mchele.

Mimi hayo yote nilikuwa nimeyaruka. Niliona haya, sifichi, halafu nikajivuna kwamba nafanya kazi nyumba moja na mwanamke yule. Binti aliandika mpaka kalamu ikamwishia wino.

Kesho yake nilimngoja nje ya chuo. Akaja mbio.

"Wamepiga makofi, ustadh! Wameuliza nani kanifundisha. Nimesema nyumbani nina walimu wawili."

Kabla ya hapo hakuwahi kuniita ustadh, yaani mwalimu.

Nilikimbilia jikoni na habari. Dada hakujali makofi.

"Amesema walikwama?"

"Amesema."

Akafuta mikono, akavuta kiti cha madam, mke wa bosi, akakaa. Nami, mwalimu wa miaka tisa, nikamwandalia chai.