Watoto Hawahesabiwi

Ndugu yangu mdogo alifia kwenye lori, mahali fulani kati ya Njoro na Nakuru, na mama hakumwambia mtu. Lori halikuwa na turubai. Mvua ilitushika tangu kule juu kwenye ngano za Mau Narok, mvua baridi ya kule ambayo inaingia mpaka kwenye meno, na sisi wanawake na watoto tulikuwa tumesimama tumebanana huku askari wamekalia magunia yetu. Nilimwona mama akimshusha mtoto kutoka mgongoni na kumwekea sikio kifuani. Akasikiliza. Akasikiliza tena. Kisha akamfunika uso kwa blanketi, akamfunga tena mgongoni, akaanza kumwimbia polepole kama anambembeleza alale. Aliogopa kwamba askari wakijua watamtupa kando ya barabara. Akambeba hivyo mpaka Nakuru, kwenye ule uwanja wa seng'enge walikokuwa wanatukusanya kabla ya kuturudisha rizavu, eneo walilowatengea watu wetu. Hapo ndipo alipomshusha na kuniambia, "Usimguse. Ameenda."

Watu wakisimulia Hali ya Hatari, ile iliyotangazwa na wakoloni ili kuwasaka wapiganaji wa msituni, wanasema "serikali" au "wakati wa taabu", basi, wamemaliza. Serikali haikuja kwetu. Waliokuja ni watu, na mimi nitawataja. Majina siyaandiki, lakini yeyote aliyekaa upande ule akisoma hapa atawajua kwa matendo yao.

Tulikuwa tunaishi kwenye shamba la mzungu wa ngano na maua ya pareto. Baba alikuwa ameshachukuliwa na askari, hatukujua alikopelekwa. Familia za watu wetu zilikuwa zinaondolewa shamba baada ya shamba. Kwetu walibakizwa wachache wa kuchuma pareto, na sisi tulibaki kwa sababu moja tu: mwenye shamba alipata mgeni, mzungu mwenzake, aliyekuja kuandika kitabu cha lugha yetu ya Kikuyu, na huyo mgeni alimtaka mtu wa kumsemea maneno. Akachaguliwa mama. Mgeni akamwambia mwenye shamba, mbele yetu na kwa Kiswahili ili nasi tusikie, "Huyu mama asiondolewe mpaka nimalize." Kwa hiyo maneno ndiyo yaliyokuwa paa letu. Mama akiendelea kuyatoa, tunakaa. Hayo tuliyajua wote nyumbani, hata mimi niliyekuwa na kazi ya kumbeba mtoto tu.

Kila asubuhi mama alikaa kwenye ngazi za veranda, mimi nyuma yake na ndugu yangu mgongoni, mgeni kwenye meza. Nyapara wa shamba alisimama kando kutafsiri, maana mama Kiswahili kilimpiga chenga.

Kazi yenyewe nilikuja kuielewa kwa kusikia. Sisi tulidhani neno ni kitu kizima, kama jiwe, unaliokota unalirusha. Mgeni alikuwa analifungua kama mtu anayefungua saa. Nitaonyesha kwa Kiswahili ili kila mtu anifuate. Chukua "lima". Ndani yake kuna kiini, "lim", ambacho hakisemeki peke yake lakini ndicho kinachobeba jembe. Mbele unashikiza kipande cha kusema ni nani na ni lini: ninalima, walilima, hatutalima. Nyuma unashikiza kingine, na jambo linageuka: limia, unamfanyia mtu; limisha, unamfanya mtu alime; limwa, shamba lenyewe linafanyiwa. Ukitaka mtu unapata mkulima, ukitaka kazi unapata kilimo. Kiini ni kile kile. Sisi tulikuwa tumelimishwa miaka yote na hakuna aliyetuambia kwamba neno hilo lina vipande vingi hivyo.

Mama aliipenda hiyo kazi, siwezi kudanganya. Alisema ni kama kumenya mahindi, unatoa ganda, unatoa nywele, unakuta bunzi. Jioni wanawake waliotoka kuchuma pareto walimtania kisimani.

"Mama wa veranda! Leo umechinja maneno yapi?"

"Nimechinja kupika."

"Wee! Na sisi tutakula nini? Tuachie hata mkia wake!"

Wakacheka, naye akacheka. Ni kicheko chake cha mwisho ninachokumbuka.

Kisha ikaja ile asubuhi. Mgeni alitaka kuona jinsi hesabu inavyobadilika kichwa kulingana na kinachohesabiwa. Ni kweli inabadilika, hata kwa Kiswahili: miti miwili, viti viwili, mawe mawili. Mama akahesabu vibuyu. Akahesabu mawe, akahesabu miti ya nyuma ya stoo. Mgeni alikuwa anaandika huku anatabasamu. Halafu akasema, "Sasa watu. Ahesabu watoto." Akanyoosha kalamu kutuelekea, mimi na ndugu yangu aliyekuwa amelala.

Mama akanyamaza.

Kwetu watoto hawahesabiwi. Ukiulizwa una watoto wangapi unasema wapo, au unawataja mmoja mmoja, lakini huwapangi kwa nambari kama viazi vinavyoenda sokoni. Ukiwahesabu unawafungulia mlango wa mauti. Mama alikuwa amebatizwa na Jumapili alikuwa kanisani, na bado asingewahesabu. Na ndugu yangu wakati huo alikuwa anakohoa, kifua kinalia kama mtu anayekokota ubao.

"Mwambie nitahesabu viazi," mama akamwambia nyapara. "Hata nyumba nitahesabu."

"Anataka watoto."

"Wewe unajua, ndugu yangu. Mwambie."

Sasa nisikilizwe vizuri hapa. Nyapara alikuwa mtu wetu. Alikuwa na wake wawili na nyumba imejaa, na hakuna siku aliyosikika akitaja idadi ya watoto wake. Mwenye shamba alipomuuliza wakati wa kupima posho, alikuwa anawapanga watoto mstari, anamwambia, "Bwana ahesabu mwenyewe." Alijua kabisa kwa nini mama amefunga mdomo. Ilikuwa sentensi moja tu ya kumwambia mgeni: bwana, kwetu ni mwiko, mpe kitu kingine. Mgeni angeandika na kuendelea na wanyama.

Badala yake alimgeukia mgeni akasema kwa Kiswahili, na Kiswahili mimi nilikisikia, "Huyu mama amekataa, bwana. Amekuwa kichwa ngumu. Siku hizi wako hivyo, mtu akishakula kiapo cha watu wa msituni hataki tena kumsaidia mzungu."

Nikamwona mama akimtazama mdomoni. Neno la kiapo alilielewa. Kila mtu alilielewa wakati huo, hata watoto wa kunyonya.

"Umesema nini?" akamuuliza. "Umemwambia nini, wewe?"

"Nimemwambia umechoka, mama. Nenda nyumbani upumzike."

Mgeni naye alifanya nini? Aliweka kifuniko kwenye kalamu. Mtu aliyekaa naye msimu mzima akimpasulia kila neno hadi kiini, siku hiyo hakumuuliza hata swali moja. Hakusema, mama, kwa nini? Kwa maneno alikuwa na subira ya ajabu, angeweza kurudia "nimepika, nimepikia, nimepikiwa" mpaka jua linafika utosini. Kwa mwenye maneno subira ikaisha mara moja. Alikusanya karatasi zake akaingia ndani, na tukasikia akizungumza na mwenye shamba.

Mwenye shamba hakutuita. Hakuja kuuliza. Kesho yake asubuhi walikuja askari na lori lenye watu wa mashamba mengine, na nyapara mbele akiwaonyesha nyumba, kana kwamba nyumba yetu ilikuwa imejificha. Mama alikimbia mpaka veranda. Alimwambia mgeni kwa Kiswahili chake cha kuokota, "Bwana, mtoto gonjwa. Siku moja tu. Kifua." Mgeni alikuwa anakunywa chai. Alisema pole sana, mambo hayo ni ya mwenye shamba na askari, yeye ni mtu wa vitabu. Mama akapiga magoti. Akasema, na hili sitalisahau mpaka naingia kaburini, "Nitahesabu. Bwana, nitahesabu watoto."

Akaanza kuhesabu pale kwenye ngazi, sisi tukiwa mbele yake. Mgeni alisimama, akafunga mlango.

Paa letu lilivutwa chini kabla lori halijaondoka, ili tusirudi. Viazi vyetu vilikuwa bado ardhini. Tulisikia baadaye kwamba vilichimbwa na mke wa pili wa nyapara, na kipande chetu cha kulima kikachukuliwa na nyapara mwenyewe. Ndipo nikaelewa alichokuwa anatafuta tangu mwanzo.

Kuna waliowahi kuniambia kwamba mtoto aliuawa na mama kwa kuvunja mwiko. Wakome. Mtoto aliuawa na mvua na nimonia kwenye lori lisilo na turubai, na kuna watu waliompandisha kwenye lori hilo. Mwenye shamba aliuza akaenda kusini, sijui kama yu hai. Mgeni alirudi kwao, na kama kitabu kilitoka, basi kimebebwa na mdomo wa mama yangu, na aje aniambie aliandika nini kwenye ukurasa wa watoto, na nani alimhesabia.

Lakini wewe nyapara upo. Umezeeka, unakaa kiti cha mbele kanisani, unapewa maikrofoni kwenye mazishi, vijana wanakuita mzee wetu. Mama alikufa bila kukuuliza. Mimi nakuuliza, na sitaki ekari wala pole. Simama Jumapili hii, mbele ya watu wanaojua miko yetu kama wewe unavyoijua, useme kwa lugha yetu, bila mkalimani: siku ile mama aliponyamaza, ulijua ni kwa nini au hukujua? Nitakuwa nimekaa hapo hapo mbele yako. Jibu.