Jioni Bibi Alipomlilia Mzee Aloisi

Sisi tuliokulia Nkuhungu wakati nyumba zikiwa chache na vumbi jingi, televisheni hatukuwa nayo nyumbani, tuliiendea. Tuliiendea kama mtu anavyokwenda kumsalimu mkubwa: umeoga, umepakwa mafuta mpaka magotini, na umeshakula kwenu, maana mama zetu walikuwa wametuonya, "Ole wako nisikie umeomba chakula kwa watu." Ilikuwa televisheni ya Mama Zuhura, mama wa Kirangi kutoka Kondoa aliyekuwa akiuza vitunguu na karanga sokoni. Aliifunika kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, na kabla ya kukifunua alitupanga mlangoni tumwonyeshe nyayo. Mwenye nyayo chafu alirudi kwao kunawa, akirudi anakuta nafasi za mbele zimejaa, analia, na hakuna anayemhurumia.

Watoto wa siku hizi wakiona picha imekwama kidogo tu wanaguna kama wamedhulumiwa. Sisi picha yetu ilitegemea upepo, na upepo wa Dodoma mnaujua. Antena ilikuwa juu ya mti mrefu nyuma ya nyumba, na kaka yangu Yona ndiye aliyekuwa akiuzungusha. "Bado! Bado! Hapo hapo! Ah, umepitiliza!" Tulipiga kelele dirishani mpaka majirani wa mtaa wa pili wakajua kwamba tamthilia imeanza.

Tuliangalia kila kilicholetwa. Hatukuchagua, nani alikuwa na cha kuchagua? Tuliangalia katuni, mieleka, filamu za Kihindi ambazo hakuna aliyejua lugha yake lakini wote tulijua nani atamwoa nani. Tuliangalia vipindi vya kilimo cha mazao yasiyoota kwetu. Tuliangalia taarifa ya habari kwa utulivu kama tuko kanisani, kwa sababu tamthilia ilikuwa ikifuata na Mama Zuhura alikuwa na sheria yake: asiyenyamaza wakati wa habari, tamthilia ataisikilizia nje. Chumba kilinuka mafuta ya nazi, karanga za kukaanga na jasho letu. Nikivuta pumzi vizuri hata leo harufu hiyo naipata.

Mwaka ule mvua zilikuwa kubwa kupita kawaida, na ndipo Bibi alipokuja kukaa nasi.

Bibi alikuwa mama yake Baba, mwanamke mrefu wa Kigogo aliyezaliwa Gulwe, akaolewa Gulwe, na akalima uwele wake Gulwe maisha yake yote. Babu alikuwa ameugua, akapandishwa treni kuja hospitali ya mjini Dodoma. Bibi alimsindikiza stesheni, wakaagana. Siku chache baadaye maji yakabomoa tuta la reli huko kwao, barabara nayo ikakatika, na kabla njia haijafunguka Babu akafariki. Ilibidi azikwe huku huku. Baba yangu alikuwa seremala. Jeneza la baba yake alilichonga yeye mwenyewe. Barabara ilipopitika Bibi akaja, na alipofika kaburi lilikuwa limeshaanza kuota nyasi.

Alipelekwa akaonyeshwa. Alisimama, akaliangalia, akauliza kama nyumbani ni mbali, akarudi. Hakulia. Na baada ya hapo karibu akaacha kuzungumza. Ukimwamkia shikamoo anaitikia, ukimpa uji anapokea, anakunywa nusu, anakaa kwenye kigoda chake anatazama upande ambao treni hupita. Mama alimpikia mlenda vile anavyoupenda yeye, na bakuli likarudi jikoni limejaa. Nilimsikia Mama akimwambia Baba kwa sauti ya chini, "Mama yako anatuishia hivi hivi tunamwona." Baba alikwenda kupiga randa, na siku hizo alipiga randa hata mbao zilizokwisha kulainika.

Aliyemtoa Bibi kwenye kigoda ni Mama Zuhura. Alikuja jioni moja, akavua kandambili, akaketi chini mbele yake.

"Mama, mimi kwangu nina watoto wengi na mkubwa hakuna. Njoo unisaidie kuwanyamazisha."

Sijui kwa nini Bibi alikubali. Pengine kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa amemwomba msaada tangu aje mjini. Sisi sote tulikuwa tukimpa pole na uji. Alijitanda khanga, akafuatana naye, nasi nyuma yao tukiwa hatuamini macho yetu. Akapewa kiti cha peke yake, na nyayo zake hazikukaguliwa.

Siku ya kwanza hakusema neno. Siku ya pili kukawa na kipindi cha wanyama, makundi ya nyumbu yanavuka mto wenye mamba, na ndama mmoja amebaki ng'ambo anahangaika. Bibi aliinuka kitini. Alianza kumwita yule ndama kwa Kigogo, vile wafugaji wanavyoita ng'ombe wao jioni, kwa sauti ambayo sikujua kwamba bado anayo. Ndama alivuka. Sote tukapiga makofi, na Bibi akakaa akasema, "Mama yake mjinga. Amewahi majani, mtoto kamwacha." Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote tangu aje.

Tangu hapo alikuwa mtazamaji kuliko sisi. Msomaji wa habari akisema "Habari za jioni," Bibi alijibu, "Nzuri, mwanangu, za huko?" kisha akangoja, na yule akiendelea na mambo ya bungeni alitugeukia: "Wamemsomesha, lakini salamu hawakumalizia." Mieleka ilimsikitisha. Aliuliza hawa vijana wazazi wao wako wapi, mbona hakuna mtu mzima wa kuwakalisha waseme kinachowagombanisha. Filamu za Kihindi alizipenda, ila alishangaa watu wanaimba mchana kutwa na mashamba yao yana magugu. Nyumbani akawa anamaliza uji wake upesi asichelewe.

Lakini aliyempenda hasa alikuwa Mzee Aloisi. Huyu alikuwa mtu wa kwenye tamthilia, fundi cherehani mpole mwenye wanawe wagomvi waliokuwa wakigombea nyumba angali hai. Alikuwa na kikohozi na tabia ya kukunja mikono ya shati mara mbili kabla ya kufanya jambo lolote. Bibi alimtetea kama ndugu yake. Wale wanawe wakimjibu vibaya, alipiga ulimi, akavuta khanga, akasema kwa Kiswahili ili hata wao wamwelewe, "Mtalaaniwa nyie."

Basi ikafika jioni ambayo Mzee Aloisi alikufa. Tulijua anaumwa, lakini tulidhani atapona, mbona wiki zote alikuwa akipona. Wakaonyesha kila kitu: jeneza likitolewa ndani, wanawe wale wale wakilibeba, shimo, kamba, udongo ukianguka kwa mikono kisha kwa koleo, msalaba ukisimikwa. Ndipo niliposikia sauti nyuma yangu, ndogo kwanza, kama mtu anayetafuta pumzi, halafu ikapanda. Bibi alikuwa akilia. Si machozi ya kufuta kwa ncha ya khanga. Alilia kilio cha msibani, cha kwao, mikono kichwani, akishuka taratibu kutoka kitini mpaka chini kwenye mkeka.

Watoto wadogo nao wakaanza kulia kwa hofu. Mama Zuhura alizima televisheni, akapiga magoti akamkumbatia, wala hakumwambia anyamaze. Mimi nilikimbia kumwita Mama. Aliyenifuata ni Baba, vumbi la mbao likiwa bado limemganda nyusi.

Aliposikia anayeliliwa ni nani, nilimwona uso ukimbadilika. Baba hakuwa mtu wa kumpandishia sauti mama yake, na hata siku ile hakuipandisha. Ingekuwa afadhali angeipandisha.

"Mama," alisema, "baba yangu nilimchongea jeneza kwa mikono hii. Nikakupeleka kaburini, hukudondosha hata chozi. Nikanyamaza. Leo unamlilia mtu aliyelipwa ili afe?"

Bibi alinyanyua uso. Khanga ilikuwa imemtoka kichwani, na sikuwahi kuona kichwa chake kitupu. Nywele zote zilikuwa nyeupe.

"Huyu nimemwona akiingia udongoni," alisema. "Mume wangu mimi nilimwona dirishani kwenye treni, ananipungia mkono. Mpaka leo anapunga. Nikilala anapunga, nikila anapunga. Mmenionyesha kichuguu cha udongo mkaniambia yumo. Nani kanionyesha akiingia?"

Baba akakaa chini kwenye mkeka wa Mama Zuhura, mbele ya watoto wote wa mtaa, na viatu vyake miguuni, na Mama Zuhura hakusema kitu.

Akaanza kumweleza. Alianzia hospitali, alivyoitwa asubuhi. Bibi akauliza, "Alikuwa amefumba macho?" Baba akasema ndiyo, nilimfumba mimi. "Miguu mlimnyoosha?" Tulimnyoosha. "Mlimvisha shati gani?" Lile la kaki, alilokuwa akilivaa kazini zamani. "Lina kifungo kimekatika." Mama Sechelela alikishona, alisema Baba, na Mama Sechelela ndiye mama yangu, maana Sechelela ni mimi. Bibi akatikisa kichwa kukubali. Baba akamwambia mbao zilikuwa za mninga, kwamba alizipiga randa mpaka zikawa laini ndani na nje ingawa ndani hakuna atakayeona. Akamtajia waliobeba, mmoja mmoja, aliyekuwa mbele na aliyekuwa nyuma. Akamwambia mvua ilikuwa ikinyesha, wakachota maji shimoni kwa ndoo kabla ya kumshusha, ili asilale kwenye tope. Hapo sauti ya Baba ilikatika. Sikuwa nimewahi kumwona Baba akilia, na nilitazama pembeni kwa sababu nilidhani ni vibaya kutazama.

Bibi ndiye aliyemshika kichwa. "Endelea," alimwambia. "Mkamshusha. Halafu?"

Halafu Baba akamaliza.

Kesho yake asubuhi tulikwenda kaburini sote. Mama Zuhura alifunga biashara yake akaja na majirani, Waislamu kwa Wakristo, na Bibi akalia vile mjane anavyopaswa kulia, kisha akachota udongo kiganjani akauweka pale mwenyewe, taratibu, kama anayeweka mbegu. Tulirudi nyumbani, mkeka ukatandikwa, watu wakaja na sukari na unga, chai ikachemshwa. Msiba uliochelewa miezi ukafanyika. Usiku ule Bibi alikula ugali wake wote akaomba mboga zaidi.

Kulikuwa na kituko baadaye. Mvua zilipokwisha, kituo kile kikaanza kuonyesha mchezo wa kuchekesha, na nani tunamwona anaingia amevaa suruali fupi, mlevi, anafukuzwa na bata? Mzee Aloisi! Sote tulimgeukia Bibi, pumzi tumeibana. Bibi alimtazama mpaka bata alipomshika suruali. Akacheka. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kumbe wa huko wanarudi," alisema. "Mwambieni kaniliza bure." Kisha akafikiri kidogo. "Hapana. Msimwambie. Haikuwa bure."

Reli ilipotengemaa alirudi Gulwe kulima, akaishi miaka mingi tu, na tuliambiwa wanawake wa kule walikuwa wakikusanyika kwake awasimulie filamu alizoziona mjini, akiwachanganya wapiganaji wa mieleka na Wahindi katika kisa kimoja.

Leo Nkuhungu ina maghorofa na lami. Kwangu kuna televisheni bapa ukutani, chaneli hazihesabiki, na mara nyingi inajiongelea peke yake. Wanangu kila mmoja ana simu yake na kona yake. Wanajua mwigizaji fulani jina lake halisi ni nani, anaishi na nani, amegombana na nani. Kwa hiyo akifa kwenye filamu hawashtuki, wanaangalia dakika zilizobaki. Nikiwaambia tulikuwa tukikaguliwa nyayo wanacheka, wananiuliza kwani ilikuwa msikiti. Sina ugomvi nao. Filamu wanazopata ni nyingi na nzuri, na picha haiyumbi upepo ukivuma. Ila nyumba imekuwa kimya sana kwa nyumba yenye watu watano.

Jumapili iliyopita, mchana, nilipita sebuleni nikamkuta binti yangu mkubwa amejikunja kwenye kochi, visikilizio masikioni, shavu lake limelowa. Nikashtuka.

"Nani kafa?"

"Hakuna, mama. Filamu tu." Akajifuta haraka, kama aliyekutwa anaiba.

Sikuondoka. Niliketi karibu naye. Alinitazama kidogo, kisha akachomoa kisikilizio kimoja akanipa. Sikuwajua wale watu, wala kisa chao, wala aliyekufa alikuwa nani wao. Nikamuuliza, "Nielezee. Ilianzaje?"

Akairudisha mwanzo.